Moto wa Kulazia Mshono: Safari ya Pasi hadi Njia Panda ya Segera

Reli ya Usambara ilipofika Korogwe mwaka 1902, kitambaa kilikuwa kimeipita njia ile miaka mingi kikiwa kichwani mwa wapagazi. Misafara iliyoanzia Pangani ikifuata mto kwenda Mazinde na kuendelea Kilimanjaro ilibeba majora ya merikani, kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, kilichofumwa Massachusetts na kuletwa Unguja na wafanyabiashara wa Salem, hasa baada ya Sayyid Said, mtawala wa Oman na Unguja, kufunga mkataba na Marekani mwaka 1833. Kwa Wazigua wa Handeni na Wasambaa wa milimani, jora lilikuwa bidhaa, vazi na fedha kwa pamoja. Merikani jipya lilitambulika kwa kulishika tu: kavu, zito, gumu kwa kanji ya kiwandani. Lifuliwe mara mbili, ugumu ule umekwenda na maji, na kila mwenye macho anajua kwamba hilo si jipya tena.

Hapo ndipo ninapouweka mwanzo wa habari ya pasi katika pande hizi. Watu hupenda kuihesabu pasi katika mambo ya usafi, nami sikatai, ila ukitazama nguo zilizopendwa pwani na bara utaona shauku kubwa zaidi ilikuwa kuirudishia nguo iliyofuliwa sura ya dukani. Katika miji ya pwani dobi ndiye aliyeijua kazi hiyo. Kanzu ilifuliwa, ikatiwa kanji, ikaanikwa, ikanyunyiziwa maji, kisha ikapigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe. Kofia ilivalishwa faruma, kile kigogo cha mviringo, ikauke bila kupoteza umbo. Wanawake nao, katika robo ya mwisho ya karne ya 19, walinunua leso za mraba zikiwa bado hazijatenganishwa, wakazikata tatu tatu, wakaunga vipande viwili wakapata vazi la leso sita. Hivyo ndivyo mapokeo yanavyoeleza kuzaliwa kwa kanga. Fundi yeyote atakuambia tatizo la vazi la namna hiyo liko wapi: ule mshono wa katikati. Usipolazwa kwa moto, unakaa na tuta.

Nimeutaja mshono ule kwa makusudi, maana anayeshona mfarishi wa vipande leo, awe Segera, Muscat au Minneapolis, anahangaika na tuta hilohilo.

Wamisionari walikuja na pasi zao na mafunzo yao. Huko Mbweni, Unguja, wamisionari wa UMCA, misheni ya Kianglikana, walianzisha katika miaka ya 1870 shule ya wasichana waliookolewa kutoka utumwani, na Caroline Thackeray aliyefika mwaka 1877 akaiongoza kwa miaka mingi. Kushona, kufua na kupiga pasi vilikuwa sehemu ya malezi yaliyotolewa pale, sambamba na vitabu na sala. Misheni hiyohiyo ilikuwa na kituo Magila, karibu na Muheza, na baadaye Korogwe. Kwa namna hiyo ufundi wa pasi ulipanda bara na watu waliofunzwa kuufanya kwa ajili ya wengine: mashati ya mapadri, vitambaa vya altare, na baadaye suruali fupi za makarani na maofisa wa Kijerumani. Kwa miaka mingi pasi katika Tanganyika ilikuwa kazi ya mtumishi kabla haijawa chombo cha mwenye nyumba.

Sasa, ni pasi gani? Ulaya na Marekani za wakati huo zilipenda kipande kizito cha chuma kinachopashwa moto juu ya jiko la makaa ya mawe. Mwaka 1871 Mary Florence Potts wa Ottumwa, Iowa, alipata hataza ya pasi yenye mpini wa kuchomoa: unaacha chuma kimoja jikoni kikipata moto, unachukua kingine, mpini ni uleule wa baridi. Ni akili nzuri sana, lakini inataka jiko lenye uso bapa na safi. Ukiweka chuma hicho juu ya mafiga yenye kuni, unakiondoa kimejaa masizi, na shati jeupe limekwisha. Iliyoshinda Afrika Mashariki ni pasi inayobeba moto wake tumboni: sanduku la chuma, kifuniko chenye bawaba, matundu ubavuni ya kupitisha hewa, mpini wa mti, na mbele yake kitasa ambacho mara nyingi kilifinyangwa kuwa jogoo. Pasi ya mkaa ilikuwa imejulikana India kabla ya hapo, na viwanda vya Ujerumani navyo viliitengeneza kwa wingi. Ilipofika kwetu ilikuta mkaa upo.

Inafaa kumtazama mtu anayeijua akiiwasha. Mkaa hautiwi wote. Kwanza vipande vidogo vilivyokwisha kushika moto jikoni, kisha vikubwa juu yake, kifuniko kinaachwa wazi kidogo. Anatoka nayo nje, anaipungapunga mbele na nyuma matundu yakielekea upepo, majivu yanapepea mbali na nguo. Mkaa wa mti mgumu wa msituni huwaka polepole na kutulia. Ule mwepesi unalipuka cheche, na cheche moja ikipenya tunduni ikaangukia poliesta, tundu la kitambaa halifutiki. Baada ya hapo anailaza kwenye kitambaa kikuukuu chenye nta ya mshumaa ndani yake, anaisugua mara mbili tatu mpaka uso unateleza. Mwisho anadondoshea tone la maji. Tone likitulia na kuchemka taratibu, bado. Likiruka na kukimbia, ni kali mno kwa kitu chochote isipokuwa pamba nzito. Kati ya hayo mawili ndipo kazi inapofanyika, na hakuna namba yoyote iliyoandikwa popote juu ya chombo hicho.

Mkonge ndio ulioeneza hamu ya nguo iliyonyooka hadi kwa mtu wa kawaida. Richard Hindorf alileta miche ya mkonge kutoka Florida mwaka 1893, na ile 62 iliyosalimika safarini ikawa mama wa mashamba yote yaliyojaa baadaye Ngombezi, Magunga, Hale na kwingineko. Manamba, vibarua wa mkataba wa mashamba hayo, walitoka mbali, wakaishi kambini, na nguo ya Jumapili ikawa sehemu ya heshima yao. Ngoma ya beni, iliyoanzia pwani ya Kenya na kushika Tanga kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, iliwagawa watu katika Marini na Arinoti, kila upande ukishindana kwa sare, vyeo vya kubuni na gwaride. Huwezi kwenda gwaride na kaptula iliyokunjamana. Sidhani kama kuna aliyehesabu pasi ngapi ziliuzwa na Wahindi wa madukani Korogwe na Tanga kwa sababu ya beni, lakini ni biashara ambayo ngoma hiyo isingeweza kuendelea bila yake.

Kulikuwa na sababu nyingine iliyofanya pasi iwe ya lazima hata kwa asiyejali mtindo. Nzi anayeitwa kitaalamu Cordylobia anthropophaga hutaga mayai kwenye mchanga na kwenye nguo mbichi zilizoanikwa, hasa kivulini. Buu likianguliwa, linangoja joto la ngozi. Likiipata linaingia, na baada ya siku chache una jipu lenye kiumbe ndani yake. Mabuu hayo huweza kukaa bila mwili wa kuingia kwa wiki moja au mbili, kwa hiyo kuikunja nguo na kuiweka kabatini si kinga. Joto la pasi ndilo linaloyaua, nayo lazima ipite pale ambapo wengi hawapitishi: kwenye pindo, kiunoni, na ndani ya mishono ya chupi na nepi za watoto. Bibi zetu waliosisitiza nepi ipigwe pasi pande zote mbili walikuwa sahihi kabisa.

Umeme una historia ya ajabu zaidi. Henry Seeley wa New York alipata hataza ya pasi ya umeme mwaka 1882. Mwaka uliofuata Sultan Barghash alijenga Beit al-Ajaib, jengo la kwanza la Unguja kuwa na taa za umeme. Dar es Salaam ilipata umeme mwaka 1908 chini ya Wajerumani. Na mwaka 1936 maporomoko ya mto Pangani yakaanza kuzungusha mashine za umeme kwa ajili ya mji wa Tanga na mashamba ya mkonge. Hale ikafuata mwaka 1964 na megawati 21, na laini ya msongo mkubwa ikanyooshwa kutoka huko hadi Dar es Salaam.

Fungua ramani. Hale na Segera ni majirani. Ukitoka njia panda kushika barabara ya Tanga, hujakaa vizuri kwenye kiti umeshafika Hale. Lakini umeme wa laini kubwa haumshukii mtu aliye chini yake. Unahitaji kituo cha kupoozea, transfoma, nguzo, na mtu wa kulipia yote hayo. Kwa miongo mingi vijiji vya Handeni na Korogwe vilitazama nyaya zikipita kuelekea Dar es Salaam huku mafundi wakipuliza mkaa. Haya si malalamiko yangu peke yangu. Ndiyo sababu Bunge lilipitisha Sheria ya Nishati Vijijini mwaka 2005, na Wakala wa Nishati Vijijini, ambao watu wote huuita REA, ukaanza kazi mwaka 2007.

Katika miongo hiyo ya kungoja umeme, mahitaji ya pasi yaliongezeka badala ya kupungua. Baada ya uhuru kila mtoto aliyeingia shule alihitaji sare, na sketi ya shule yenye marinda haishonwi bila moto: kila rinda linakunjwa, linawekewa kitambaa chenye unyevu, linabanwa mpaka mvuke utoke, ndipo linaposhonwa kiunoni. Ukikosa hapo, msichana anavaa puto. Suti ya Kaunda ilikuja na kola na mifuko minne inayodai kingo kali. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi na suruali za kubana, na kila suruali iliyopanuliwa ilirudi kwa fundi kufumuliwa na kupigwa pasi upya. Viwanda vya nguo vya Urafiki na Mwatex vilianza mwaka huohuo. Vikaja vita vya Kagera, ikaja dhiki ya mwanzoni mwa miaka ya 1980 ambapo sabuni yenyewe ilikuwa ya kutafutwa. Suruali moja ya tetroni iliwekwa chini ya godoro usiku ili asubuhi itoke na mistari. Biashara ilipofunguliwa katikati ya mwongo ule, mitumba ikamiminika. Robota la mtumba hubanwa kwa mashine kabla ya kupakiwa melini, na nguo inatoka humo imekunjamana kama tambi. Mchuuzi anayeipiga pasi kabla ya kuitundika huuza kwa bei nyingine kabisa.

Segera yenyewe ni mji wa barabara. Anayetoka Chalinze akipita Mkata na Kabuku anafika pale ndipo achague: kulia Tanga, kushoto Korogwe na Moshi. Kando ya barabara kuna magunia ya mkaa, kuna machungwa ya Muheza, kuna baraza zenye cherehani. Kwa fundi wa baraza kama hizo mkaa haujawahi kuwa adimu, na umeme siku hizi upo, wa LUKU, unaolipiwa kabla ya kutumiwa. Kwa hiyo swali lake si kama la babu yake. Ana vyote viwili. Aiamini ipi?

Kwanza tuuweke kando umeme wa jua, maana wengi vijijini wanao na wengine huuliza. Pasi ya kawaida inakula wati 1,000 au zaidi. Paneli ya wati 100 inayowasha taa na kuchaji simu haiwezi kuigusa, na betri ndogo itaisha kabla pasi haijapata moto. Hapo mkaa hauna mshindani.

Umeme wa gridi nao una tabia zake. Nchi imepitia mgawo mkali mwaka 1992, 1994, 2006 na 2011, ukarudi tena mwishoni mwa 2023 kabla mtambo wa kwanza wa bwawa la Julius Nyerere haujaanza mwezi wa Februari 2024. Hata usipokatika, mwishoni mwa laini ndefu ya kijiji nguvu hushuka jioni. Hesabu yake inauma: volti zikishuka kutoka 230 hadi 180, pasi haipotezi robo tu ya nguvu, inapoteza karibu asilimia 40. Ile ya wati 1,000 inafanya kazi kama ya wati 600, na fundi anadhani imeharibika. Ongeza ekstensheni nyembamba yenye waya kama wa redio, sehemu ya joto inabaki njiani kwenye waya, na hapo ndipo plagi zinapoyeyuka.

Kwa anayeshona, sifa ya kwanza ya pasi ni uzito pamoja na unene wa uso wake. Ndani ya pasi ya umeme kuna themostati, kiutepe cha metali mbili zinazotanuka kwa viwango tofauti. Kikipata joto kinajipinda na kukata umeme, kikipoa kinarudi na kuuwasha. Pasi nyepesi yenye uso mwembamba ikigusa kitambaa chenye unyevu inapoa mara moja, inawaka, inazidi, inakata, inapoa tena. Joto linapanda na kushuka huku unashona. Uso mnene unahifadhi moto, mabadiliko yanakuwa madogo. Ndiyo siri ya yule jogoo: chuma chake kizito chenye mkaa ndani hakijui kuyumba, na kinabana kwa uzito wake chenyewe. Mikono ya fundi inapumzika. Wanaoshona mifarishi Marekani wanalipa fedha nyingi kutafuta pasi kongwe nzito za umeme zisizo na mvuke, kwa sababu hiyohiyo.

Jambo la pili ni mvuke, na hapa najua nitabishana na wauza maduka. Pasi ya mvuke ina matundu kwenye uso. Kwa shati la kila siku ni raha. Kwa kola inayotiwa kitambaa cha gundi, matundu yanaacha alama ambako gundi haikushika, na kola inapofuliwa inatoa mapovu palepale. Kisha kuna maji. Handeni ni wilaya inayovuta maji ya mto Pangani kwa bomba kuu kwa sababu maji yake yenyewe hayatoshi, na maji ya visima ya nchi kavu huwa na chumvi. Ukiyachemsha ndani ya pasi kila siku, chokaa inaziba matundu na siku moja inatapika matope meupe juu ya gauni la harusi. Chupa ya kunyunyizia na kitambaa chenye unyevu vinafanya kazi ileile, na vikiharibika unajua umetoa shilingi ngapi.

Anayeshona mfarishi wa vipande vya kitenge na kanga, kwa ajili ya mtoto au kwa ajili ya kuuza, afue vitambaa vyote kwanza. Kanji ya dukani ikiungua inang'ang'ania uso wa pasi na kuhamia kwenye kipande cheupe. Apime uzi kwa moto: pamba inaacha jivu laini, poliesta inayeyuka na kuwa kidonge kigumu. Alama moja ya nukta kwenye kirungu cha pasi ni joto la karibu nyuzi 110, mbili ni 150, tatu ni 200. Poliesta iishie kwenye ya kwanza. Na kila mshono ubanwe ukiwa bado umefungwa, kisha ulazwe upande wa kipande chenye rangi nzito, kwa kuinua pasi na kuishusha. Usisukume. Kusukuma kunavuta kitambaa cha mshazari. Vipande 20 vikiongezeka milimita moja kila kimoja, mfarishi unapishana sentimita mbili mwishoni, na hakuna pasi itakayoficha hilo.

Pasi ya umeme kujizima yenyewe ni kitu kizuri nyumbani kwenye watoto. Fundi anayeshona kipande, akageuka kubana, akarudi kwenye cherehani, huiona pasi ya namna hiyo imepoa kila anapoihitaji. Kwa chumba cha ushonaji nitachagua isiyojizima, na nidhamu ya kuchomoa plagi. Pasi ya mkaa nayo ina sharti lake lisilo na mjadala: hutumiwa barazani au penye madirisha wazi, kamwe si ndani ya chumba kilichofungwa, maana hewa ya sumu inayotoka kwenye mkaa haina harufu na imeua watu usingizini.

Hukumu yangu kwa fundi wa Segera, na kwa yeyote anayeishi mwisho wa laini, ni awe na mbili: ya umeme isiyo na mvuke, nzito, yenye uso usio na matundu, kwa kola na vipande, na jogoo wa mkaa kwa siku za mgawo, kwa majinsi na kwa wiki ya kwanza ya Januari sare za shule zinapofika kwa mafungu. Ukienda kununua ya umeme, beba kipande cha pamba nyeupe kilichofuliwa. Igeuze utazame uso: pima kwa rula kama umenyooka, usikie kama kuna kitu kinachogongana ndani ukiitikisa, ushike waya wake kwenye shingo uone kama una mpira wa kuulinda usikatike. Kisha mwambie muuzaji aichomeke, upige pasi kile kipande chako mbele yake. Akikataa, mshukuru, uende duka la pili.